Bibi naye acheze: gemu za kurusha mikono sebuleni

Kabla hujagusa swichi yoyote, toa meza ya kioo sebuleni. Itoe kabisa, ipeleke chumbani. Kuisogeza ukutani hakutoshi, kwa sababu mtu akinogewa na tenisi anarudi kinyumenyume bila kutazama, na goti lake ndilo litakaloikuta.

Naanza na meza kwa makusudi. Watu wanaoniuliza habari za gemu hizi huanza na mashine: ipi ninunue, bei gani, ina gemu ngapi. Wananunua, wanaita ndugu, na jioni inaisha vijana wawili wamesimama mbele ya TV huku watu wazima kumi wameinamia simu zao. Kinachofanya familia nzima icheze ni nafasi, umeme wa uhakika na mpango mzuri wa zamu. Mashine yoyote kati ya nitakazozitaja inatosha.

Gemu ninazozisema ni zile za kucheza kwa mwili. Hakuna pedi yenye vitufe vya kukariri. Unazungusha mkono kama anayepiga mpira, na mchezaji wa kwenye skrini anapiga. Ndiyo maana mama mkwe wangu, aliyekulia Kalenga, Iringa, na ambaye alikuwa hajawahi kushika pedi maishani, alimfunga mwanangu wa kidato cha tatu, na alimfunga kihalali, bila kuachiwa. Sisi tunakaa Uyole, Mbeya, barabara ya Dar na ya Kyela zinapokutana, kwa hiyo Desemba ikifika ndugu wa pande zote hufikia kwetu. Haya nimeyajua kwa kupokea wageni hao mwaka baada ya mwaka.

Mashine ya kutafuta

Kwa mfuko wa kawaida, tafuta Wii ya Nintendo iliyotumika. Ilitoka mwishoni mwa 2006 na ziliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani, ndiyo maana za mtumba bado zinapatikana pamoja na CD zake. CD ya kwanza kuitafuta ni Wii Sports. Ina tenisi, besiboli, gofu, ndondi na bolingi, yaani ule mchezo wa kuviringisha tufe uangushe pini kumi. Usiondoke dukani kabla hujahesabu vitu vitano: mashine yenyewe, adapta ya umeme, waya wa kwenda kwenye TV, rimoti angalau mbili, na kile kifimbo cheusi chembamba kinachokaa juu au chini ya TV. Kifimbo ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na bila hicho mshale wa kuchagulia gemu hauonekani kwenye skrini.

Mwenye uwezo zaidi achukue Switch, nayo mashine ya Nintendo, iliyotoka 2017. Ni ndogo, adapta yake inapokea umeme wa nchi yoyote, na vipedi vyake viwili vinachomoka ubavuni kila mtu akashika chake. Xbox 360 yenye kamera ya Kinect, ya mwaka 2010, haina cha kushika kabisa. Kamera inasoma mwili mzima. Watoto wanaipenda mno, ila inadai nafasi: kama mita 1.8 kutoka kwenye kamera kwa mchezaji mmoja, na mita 2.4 kwa wawili. Vyumba vingi vya kupanga, iwe Mwanjelwa au Kihesa kule Iringa, havina nafasi hiyo ukishaweka makochi, kwa hiyo pima kwanza nyumbani ndipo uende sokoni. Tena inahangaika na nguo pana. Shangazi aliyejifunga kitenge hadi kwenye vifundo vya miguu, kamera haioni miguu yake inaanzia wapi. Avae suruali ndani, kitenge akipandishe kiunoni, itamsoma vizuri.

Asiye na mashine yoyote asikate tamaa. Ipo Just Dance Now, gemu ya kucheza ngoma, inayofunguka kwenye kompyuta au TV janja yenye intaneti, na simu zenu zinageuka rimoti. Inakula bando, kwa hiyo changishaneni mapema.

Umeme, na hapa nisikilizwe vizuri

Wii nyingi za mtumba zilitumika Japani au Marekani, na adapta zake ni za huko. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Mimi ya kwanza niliinunua na kibadilisha plagi juu yake, nikahakikishiwa kwamba haina shida. Ilimaliza dakika moja, ikatoa harufu ya plastiki kuungua. Kibadilisha plagi kinabadilisha meno tu ili yaingie kwenye soketi. Hakipunguzi umeme hata kidogo. Mashine ilipona, adapta ikafa, na watoto waliokuwa wamekaa kwenye mkeka tangu saa nane wakaenda kulala na huzuni. Bado nawaona.

Kwa hiyo geuza adapta, soma mstari wenye neno INPUT. Ukiona 220 hadi 240, chomeka. Ukiona 100 au 120 peke yake, usithubutu. Tafuta adapta ya Wii ya Ulaya au Uingereza. Upande wa kutoa, zote ni volti 12, ampea 3.7, mashine haitaona tofauti. Angalia na CD pia: Wii ya Japani haisomi CD ya Ulaya, wala ya Ulaya haisomi ya Marekani. Mwambie muuzaji aiwashe na CD izunguke mbele yako ndipo utoe hela.

Wazee watauliza kuhusu LUKU, na wana haki ya kuuliza. Wii inatumia chini ya wati 20, TV ya LED ya inchi 32 ni kama wati 50. Mkicheza saa nne mfululizo hamjafikisha hata theluthi ya uniti moja. Waambie kwa hesabu hiyo watatulia. Ila tokeni inunuliwe kabla wageni hawajaketi, maana hakuna kinachovunja moyo kama giza kuingia pini ya mwisho ikiwa inayumba.

Kuna jambo la radi. Sisi mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na msimu wa wageni unaangukia humo humo. Ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa mlima Loleza, zima kila kitu, chomoa plagi ukutani, kisha chomoa na waya wa dishi nyuma ya TV. Kuzima kwa swichi peke yake hakusaidii, na kile kidude cha kulinda TV kimewekwa kwa ajili ya umeme unaopanda na kushuka. Radi ni kitu kingine. Wakati huo ndio wa kula.

Sebule na jiko la mkaa

Meza imetoka. Sasa simama katikati, nyoosha mikono yote miwili, zunguka polepole mara moja. Chochote utakachokigusa, kiondoe. Inua mkono juu pia: taa inayoning'inia iko kwenye njia ya anayepiga tenisi. Wawili wakicheza pamoja, waachane mikono miwili kamili, na kama mmoja anatumia kushoto, yeye asimame upande wa kushoto ili mikono yao ya kupigia iwe nje, isikutane katikati.

Sakafu ya tailizi na soksi havipatani. Kwetu baridi inafanya kila mtu atembee na soksi ndani, kwa hiyo lisemwe wazi mlangoni: anayecheza avae raba au abaki peku. Zulia dogo linaloteleza likunjwe. Watoto wa chini ya miaka minne wapewe mkeka nyuma ya kochi na mtu mzima mmoja wa kuwashika. Mtoto huwa anakimbilia miguuni mwa mama yake wakati ule ule mama anaporudisha mkono nyuma.

Halafu jiko. Juni na Julai, Mbeya, Makete, Njombe, Mafinga, watu tunaingiza jiko la mkaa ndani tuote. Siku ya gemu libaki nje, kwa sababu mbili.

Ndogo ni hii. Kile kifimbo cha Wii hakipokei chochote kutoka kwenye rimoti. Kazi yake ni kutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kamera iko kwenye ncha ya rimoti, inaangalia nukta mbili za mwanga huo ili ijue umeelekeza wapi. Makaa mekundu yanatoa mwanga huo huo. Jiko likikaa karibu na TV, mshale unarukaruka kama umelewa na mtamlaumu fundi bure. Jua la jioni linaloingia dirishani hufanya vile vile, basi vuta pazia. Ndiyo maana wapo wanaoweka mishumaa miwili mahali pa kifimbo kilichoharibika, na ikafanya kazi. Mimi sishauri penye watoto.

Sababu kubwa ni hewa. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na inaua. Watu wanaoruka wanahema kwa nguvu na kuivuta zaidi. Fungua dirisha moja, jiko lipashe chai uani. Baada ya dakika kumi za ndondi hakuna atakayelalamikia baridi.

Kuunganisha

Hapa ni haraka. TV ya chogo ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, na waya wa Wii una rangi hizo hizo. Rangi kwa rangi. TV mpya nyingi hazina tundu la njano. Tazama kama kuna la kijani lililozungushiwa njano kidogo, waya wa njano unaingia humo. Kama hakuna, nunua kidude cha kugeuza Wii iingie kwenye tundu la HDMI la TV. Kifimbo kikae katikati ya TV, nanyi msimame kati ya mita moja na mbili na nusu kutoka kwenye kifimbo hicho. TV mpya pia huwa na hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha. Iwashe, maana bila hiyo picha inachelewa kidogo nyuma ya mkono na mchezaji atadhani hajui.

Rimoti isiyoitika, fungua kifuniko cha betri, bonyeza kitufe chekundu kilicho hapo, kisha kingine chekundu kilicho nyuma ya kimlango kidogo mbele ya mashine. Taa ya buluu moja itakapotulia, tayari. Nunua betri za ziada kabla ya Jumamosi. Kila rimoti inakula mbili.

Kazi moja ifanywe na watoto siku moja kabla: watengeneze vikatuni. Wii inakuruhusu kuchora uso wa kila mchezaji, na watoto wataketi nayo saa nzima bila kugombana. Bibi awekewe nywele nyeupe na miwani, mjomba ndevu, shemeji kipara chake. Bibi akiingia sebuleni akajiona amesimama uwanjani kwenye TV, nusu ya kazi ya kumshawishi imeisha.

Kumfundisha ambaye hajawahi

Wageni wakifika, gemu iwe imezimwa. Salamu kwanza, kamwene zote ziitikiwe, chai inywewe, habari za misiba na mavuno zisemwe. Mzee anayekaribishwa na kelele za TV hataigusa hiyo TV siku nzima.

Anzeni na bolingi. Nimejaribu kuanza na tenisi na nimejaribu na ngoma, na bado nasema bolingi. Inakwenda polepole, kila mtu anatazamwa peke yake, na watu wanne wanaweza kucheza kwa rimoti moja wakipokezana. Anayefundisha awe mjukuu, si baba wa nyumba. Bibi na mjukuu wana utani wao. Akikosea watacheka pamoja, wakati mbele ya mkwe anaona aibu.

Mfundishe hivi. Kwanza mvike mkanda mkononi, ukaze. Mkanda huu si pambo: Desemba 2006, mashine ikiwa mpya kabisa, Nintendo ililazimika kutangaza kubadilisha mikanda kama milioni 3.2 kwa sababu ya zamani ilikuwa ikikatika na rimoti kuruka. Kisha muonyeshe kitufe cha chini, pale kidole cha shahada kinapofika chenyewe. Akishike kitufe hicho akikibana, apeleke mkono nyuma kama anayemwaga maji ya ndoo, aulete mbele, na mkono ukifika mbele aachie kidole. Sisitiza neno kidole. Ukimwambia mtu "achia", ataachia rimoti nzima. Hilo nimeliona kwa watu wasomi kabisa.

Asiwe wa kwanza kucheza, wala wa mwisho. Wa kwanza acheze mtoto wa miaka minane au tisa, wakubwa waone kwamba hata tufe likienda pembeni hakuna kinachoharibika. Wa pili awe bibi.

Tenisi ije baadaye. Waambie siri yake mapema: mchezaji wa kwenye skrini anakimbilia mpira mwenyewe, kazi yako ni kujua wakati wa kupiga tu. Wakijua hivyo wataacha kukimbia sebuleni. Na kiwiko kinatosha. Vijana wanapiga kwa bega zima kwa sababu inapendeza, lakini mashine haiwaongezei pointi kwa hilo.

Kwenye ngoma za Just Dance, rimoti inasoma mkono ulioishika tu, yaani wa kulia. Miguu haisomi. Nalitaja kwa furaha, kwa sababu maana yake ni kwamba babu mwenye goti bovu, au ndugu anayetumia kiti cha magurudumu, anakaa pale pale alipo, anarusha mkono wa kulia kwa mdundo, na anashinda. Usimweke awe refa. Mpe rimoti.

Zamu

Kwenye mabanda ya gemu sheria ni mshindi anabaki. Sheria hiyo isivuke mlango wa nyumba yako. Ukiiruhusu, kufikia saa kumi jioni vijana wawili watakuwa wameshika rimoti na hawataziachia hadi usiku. Kwetu mshindi anapumzika na aliyefungwa anapumzika, wanaingia wengine wawili. Majina yameandikwa kwenye karatasi ubaoni na anayeishika karatasi ni mama mmoja asiyependelea mtu. Mabishano yote yanaishia kwake.

Timu zipangwe kwa kuchanganya: mkubwa mmoja na mdogo mmoja. Usiwaweke Wambeya upande huu na wa Dar upande ule, ingawa wataomba, kwa sababu wa Dar wakifungwa mara mbili wanahamia kwenye simu. Wape pia muda. Jiji letu liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyeshuka basi jana kutoka pwani, hata aliyetoka Kyela tu huko chini ziwani, ataishiwa pumzi haraka kuliko nyinyi. Si uvivu.

Pesa zisiwekwe. Kubeti kukiingia, watoto wanafukuzwa sebuleni, na jioni inageuka kitu kingine. Aliyefungwa aoshe vikombe, au amenye viazi vya usiku. Mwaka juzi viazi vyote vya Krismasi vilimenywa na shemeji mmoja, naye ndiye aliyeomba marudiano mara nyingi kuliko wote.

Kama ni Jumapili, anzeni baada ya ibada na mkishakula. Sauti ya TV iwe ya wastani, kwa sababu kelele za kushangilia zitatosha kuamsha mtaa, na kama kwa jirani kuna msiba, ahirisheni.

Bega na kichwa

Mwaka 2007 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha barua juu ya daktari kijana wa miaka 29 aliyeamka na maumivu makali ya bega la kulia baada ya saa nyingi za tenisi ya Wii. Alikuwa mzima, si mzee. Basi zungusheni mabega kwanza, na kila baada ya dakika arobaini rimoti ziwekwe chini, watu watoke nje waone milima. Ndondi iwe raundi moja tu kwa mtu, inachosha kuliko zote. Mwenye shinikizo la damu, mwenye moyo na mama mjamzito wacheze bolingi wakiwa wamekaa. Na ulizeni mapema, kwa staha na pembeni, kama kuna mwenye kifafa: picha zinazometameta kwa haraka zinaweza kumletea degedege, na onyo hilo limo kwenye vitabu vya mashine zote hizi. Huyo msimweke mbele ya skrini.

Mkimaliza, kabla ya kurudisha rimoti kwenye boksi, toa betri zote. Mashine ya familia hutumika Desemba, ikalala hadi likizo ya Juni, na betri iliyosahaulika ndani inavuja chumvi nyeupe inayokula vyuma vya rimoti. Zikivuja, pangusa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha kabisa, ujaribu tena. CD irudi kwenye gamba lake, adapta ifungwe kwa uzi, na boksi likae juu ya kabati ambapo hakuna anayeweza kuweka debe la mchele juu yake.